Amplifaya ya gari inakata fyuzi kila saa: soma hapa kabla hujanipigia

Wakuu, wiki hii peke yake nimeulizwa hili swali mara tisa, na karibu wote wameuliza hivi: "Fundi, amplifaya inakata fyuzi, shida nini?" Basi. Gari gani, spika ngapi, inakata saa ngapi, kimya. Ni sawa na kumpigia daktari, ukamwambia "naumwa," ukakata simu. Naandika mara moja. Ukiniuliza tena nakuleta hapa hapa.

Kabla ya kushika bisibisi jibu jambo moja: inakata WAKATI GANI?

Ikikata pale pale unapoichomeka, redio ikiwa imezimwa, shoti iko kwenye waya mkubwa au kwenye sehemu ya amplifaya inayopokea umeme. Ikikata ukiwasha redio, yaani waya wa rimoti (ule mdogo wa kuiambia amplifaya iwake) ukipata umeme, shuku transista za kutoa sauti, au waya wa spika unaogusa bati. Ikikata ukipandisha muziki, au baada ya nusu saa barabarani, mara nyingi umeitwisha spika nyingi kuliko uwezo wake, au koili ya spika imeungua, au waya wako ni mwembamba.

Tazama pia fyuzi IPI imekata. Kama ni ile ya karibu na betri na za kwenye amplifaya ziko nzima, usiifungue amplifaya. Anza na waya wa katikati.

Hatua ya 1. Zima gari, chomoa terminali ya hasi ya betri.

Hatua ya 2. Soma namba iliyoandikwa pembeni ya tundu la fyuzi, weka hiyo hiyo. Nyekundu ni 10, bluu 15, njano 20, nyeupe angavu 25, kijani 30. Usipandishe namba, wala usifunge kipande cha waya au karatasi ya sigara. Ukiizuia fyuzi isikate, kitakachoungua ni waya, na waya wako umepita chini ya zulia, karibu na miguu ya watoto.

(Kwa wale wa "yangu ni wati 3000": kama ina fyuzi mbili za 30, hizo ni ampea 60. Zidisha kwa volti 13.8 za gari linalounguruma, unapata wati 828 zinazoingia, na sehemu yake inaishia kuwa joto. Hizo 3000 zimebaki kwenye boksi.)

Hatua ya 3. Fuata waya mkubwa kutoka betri hadi buti kwa mkono, sio kwa macho. Pale waya unapopenya ukuta wa injini lazima kuwe na mpira. Hakuna mpira? Bati linakula ganda la waya taratibu kila gari linapotikisika.

Hatua ya 4. Chomoa KILA KITU kwenye amplifaya: spika zote, RCA (nyaya za sauti kutoka redio), rimoti. Ubaki na chanya na ethi (hasi inayofungwa kwenye bati la gari) tu.

Hapa ndipo nilipoumbuka, kwa hiyo vumilieni maneno mengi. Niliwahi kuletewa Noah, amplifaya ya chaneli nne, inakata fyuzi kila redio ikiwashwa. Mimi kwa ujuaji sikuchomoa spika hata moja kupima. Nikaing'oa, nikaifungua mezani, nikaona transista mbili zimepauka. Nikasema hizi hapa. Nikazitoa, nikaenda Kariakoo, nikanunua mpya, nikalehemu. Nikairudisha, fyuzi ikakata. Nikabadilisha nyingine mbili. Ikakata. Siku ya tatu mwenye gari akaangusha simu, akasogeza siti ya mbele aiokote, na mimi nikawa naweka fyuzi nyingine kwa hasira. Haikukata. Akarudisha siti, ikakata. Waya wa spika ya nyuma ulikuwa umelaliwa na reli ya siti, ganda limechubuka, shaba inabusu bati. Amplifaya ilikuwa nzima tangu asubuhi ya siku ya kwanza. Niliyeiua ni mimi, kwa lehemu, na bei yake nikailipa mimi.

Kwa hiyo onyo la kwanza: usifungue amplifaya kabla ya kuitenga. Onyo la pili: hasi ya spika SIO ethi ya gari. Kwenye amplifaya nyingi ile hasi nayo inabeba umeme wa sauti, ikigusa bati ni shoti kamili. Usiunganishe hasi ya spika kwenye bati eti unaokoa waya. Onyo la tatu: mlango na siti vinatembea, kwa hiyo pima vikiwa mbele, pima vikiwa nyuma, pima mlango ukiwa wazi.

Hatua ya 5. Balbu. Acha kuchoma fyuzi za kununua. Chukua balbu ya indiketa, wati 21, ilehemu nyaya mbili, ziingize kwenye tundu la fyuzi badala ya fyuzi. Hata kama kuna shoti, balbu itapitisha karibu ampea mbili tu, hakuna kitakacholipuka. Rudisha terminali. Ikimulika kidogo ikazima, ni kapasita zinajaa, salama. Ikiwaka kali moja kwa moja, shoti iko ndani. Ikizima vizuri, gusisha waya mdogo kutoka chanya hadi REM (tundu la rimoti). Ikiwaka hafifu usiogope. Ikiwaka kali, ubovu uko ndani, upande wa baada ya kuwashwa.

Hatua ya 6. Pima spika kwa mita. Ya omu 4 huonyesha 3.2 hadi 3.8 hivi. Ikionyesha 1 au chini, koili imeungua. Usibonyeze karatasi ya spika wakati unapima, namba zitacheza. Kisha pima kila waya wa spika dhidi ya bati: mita isisome chochote.

Hatua ya 7. Rudisha kimoja kimoja. Kitakachowasha balbu kali ndicho mwizi wako.

MASWALI

Swali: Mkuu yangu inakata fyuzi, shida nini?
Jibu: Inakata wakati gani?
Swali: Inakata tu.
Jibu: Na mimi nimekata tu.

Swali: Mimi nimeweka 80 badala ya 40, haikati tena. Imepona?
Jibu: Hapana. Hatua ya 2. Na uende na mtungi wa kuzimia moto.

Swali: Fundi wangu ana miaka ishirini kazini, anasema ni fyuzi za siku hizi tu, hazina nguvu. Wewe unajifanya unajua kuliko yeye?
Jibu: Sijasema hivyo. Fyuzi feki zipo, nakubali. Ila ukibadilisha tano kutoka maduka matano na zote zinakata sekunde ile ile, fyuzi hazijakaa kikao. Mwambie aweke balbu. Ni dakika mbili, miaka ishirini haitapungua.

Swali: Fundi shikamoo. Nina Vitz, amplifaya ya chaneli mbili. Nimefanya ya balbu: mwanzo imemulika ikazima, nikigusisha REM inawaka kali. Spika zote 3.5, hakuna inayogusa bati. Naweza kuendelea mwenyewe?
Jibu: Marahaba dada. Mngekuwa wote kama wewe nisingeandika somo. Unaweza. Chomoa umeme, fungua, weka mita kwenye alama ya mlio. Transista zimejipanga ukingoni, zimebanwa kwenye bodi ya kupozea. Kila moja gusa mguu wa kati na mguu mmoja wa pembeni, kisha wa upande wa pili. Inayolia ishuku, linganisha na mwenzake wa kundi lile lile. Zilizounganishwa sambamba zikiungua, moja ikilia zote zinaweza kulia, kwa hiyo nyanyua mguu ujue mkosaji ni nani. Badilisha kundi zima, namba ile ile, na kagua virezista vidogo vilivyo jirani. Kabla ya hayo yote tazama kijikaratasi chini ya kila transista, kile kinachozuia umeme usipite kwenye bodi ya kupozea.

Swali: Nimerudi. Hakuna transista iliyoungua. Ila mbili kijikaratasi kimepasuka, nadhani aliyeifungua kabla yangu alikaza skrubu kwa nguvu. Nimeweka vipya, balbu inawaka hafifu tu.
Jibu: Ndiyo hiyo. Migongo ya transista ilikuwa inakutana kupitia bodi ya kupozea. Acha balbu dakika kumi, shika bodi isipate moto, ndipo uweke fyuzi. Hongera sana.

Swali: Nje ya mada kidogo, waya wa shaba feki naujuaje?
Jibu: Kwangua kwa wembe. Ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba. Haujafa, ila nunua mnene zaidi ya ulivyopanga. Hata uzito unausikia mkononi.

Swali: Nina Coaster ya volti 24, nimechukua umeme kwenye betri moja nipate 12. Fyuzi haikati, ila betri moja inakufa kila miezi michache.
Jibu: Betri moja unainyonya na nyingine unaijaza kupita kiasi. Weka konveta ya 24 kwenda 12 yenye ampea za kutosha. Na asante kwa kutochomeka 24 moja kwa moja, wengine wameniletea zimeshaungua, nanusa tu.

Swali: Mkuu ni mimi wa mwanzo. Nimekaa nayo leo mchana. Inakata nikifungua mlango wa nyuma.
Jibu: Umeona sasa? Mlango upi?
Swali: Wa kushoto.
Jibu: Vua ule mpira wa nyaya pale kwenye bawaba, uchungulie ndani. Nenda na tochi.