Kiangazi hakikaushi msitu wa Kilimanjaro

Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu mwezi Januari au Februari asidanganywe na jua kali analoliacha Moshi mjini, kwa kuwa msitu ulioko kati ya lango na vibanda vya Mandara, vilivyo katika kimo cha takriban mita 2,700, hubaki na unyevu hata wakati wa kiangazi, na mara nyingi mawingu huufunika ifikapo alasiri. Mizizi iliyokatiza njia, ikiwa imesuguliwa na nyayo hadi kung'aa, huteleza kuliko tope lenyewe, hivyo mguu ukanyage kati ya mizizi na si juu yake. Koti la mvua likae juu kabisa ndani ya begi lako la mgongoni, wala lisiachwe kwenye mzigo wa mpagazi, ambaye kwa kawaida huwa ameshatangulia mbali.