Namna ya kukagua samaki wa bahari ukiwa Dodoma, kabla hujatoa hela

Mtoto wa dada yangu anataka kuuza changu na vibua wa kukaanga kwa wafanyakazi wa maofisini kule Mtumba. Akaniomba nimfundishe kununua mzigo. Nikadhani ni kazi ya nusu saa, kumbe tulidamka alfajiri tatu mfululizo, na siku ya tatu bado alikuwa anaita figo "damu iliyovuja". Nimeandika haya kwa ajili yake, na kwa yeyote mwenye genge, mgahawa au familia kubwa huku bara.

Nianze kwa kujitaja: mimi ni mzaliwa wa Bahi, si wa baharini. Samaki niliokulia ni kambale na perege, tena mwaka wenye mvua. Bahari niliiona nikiwa mtu mzima mwenye watoto wawili. Yote ninayoyajua nimeyapata kwa kupasua matumbo ya samaki kwa miaka kumi na minne na kuwapigia simu wavuvi wa pwani kuwauliza maswali ya kijinga.

Na kwa nini mtu wa Dodoma ahangaike? Kwa sababu mvuvi wa baruti, anayelipua samaki kwa mabomu, anahitaji mnunuzi asiyepasua. Kule pwani mama wa sokoni akimshika samaki mkononi anajua amekufaje. Samaki huyo akipelekwa kilomita 450 ndani, kwa watu waliozoea mlenda, nani atajua? Uvuvi wa mabomu umepungua sana ukilinganisha na zamani, lakini kupungua si kwisha.

Hatua ya 1: Uliza mzigo umetoka wapi

Usiulize "ni fresh?" Hakuna aliyewahi kujibu hapana. Uliza umevuliwa wapi, kwa chombo gani, na umepakiwa lini. Muuzaji wa kweli atakwambia "Kilwa, wa mshipi, umefika Feri juzi usiku" (Feri ni soko la samaki la Dar). Anayejibu "Dar" tu, basi huyo hajui, au anajua na hataki kusema. Wote wawili mimi huwapita.

Hatua ya 2: Vifaa

Kisu chembamba chenye ncha. Tepu ya fundi cherehani. Mizani ya kuning'iniza ya springi. Zile za betri zimenitia aibu mara mbili mbele za watu, sitaki kuziona. Ndoo yenye mfuniko. Na mwanga wa jua: tochi ya simu inafanya kila nyama ionekane nyeupe, kwa hiyo kama basi limeingia Nzuguni saa kumi usiku, subiri kuche. Muuzaji akikuharakisha kabla hakujapambazuka, mwache aende.

Hatua ya 3: Ukubwa

Pweza: chini ya gramu 500 haruhusiwi, ipo kwenye Kanuni za Uvuvi za 2009. Mpime. Pweza hukua upesi sana, huyo mdogo angeachwa wiki chache tu angekuwa na uzito mara mbili. Sato wa ziwani asipungue sentimita 25, sangara 50. Changu wa ukubwa wa kiganja usichukue hata ukipewa kwa bei ya bure, hajazaa huyo. Chewa ni habari nyingine: wengi huanza maisha wakiwa majike, na wakubwa ndio hugeuka madume, kwa hiyo kuwamaliza wale wakubwa nako ni kuharibu ukoo. Mimi chewa mkubwa mno huwa nawaachia wenye mahoteli wakagombane naye.

Kasa, yai la kasa au nyama ya nguva ukitajiwa, ondoka. Usiulize bei hata kwa utani.

Hatua ya 4: Mtazame nje

Macho na matamvua unayajua. Mimi nakutaka utazame alama za kukamatwa. Samaki wa mshipi ana tundu la ndoano mdomoni. Wa nyavu ya kutega ana mstari wa uzi nyuma ya matamvua au kichwani, na magamba yamebanduka hapo. Samaki asiye na alama yoyote, mwili safi kama ametoka dukani, ndiye wa kumwekea shaka. Shaka tu, maana wa ringi huzungushiwa wavu kundi zima, na wengi hawana alama nao. Vibua hasa.

Hatua ya 5: Pasua mmoja

Hapa ndipo penyewe. Kaa kitako.

Nunua samaki mmoja kwanza, umlipie, ndipo umpasue. Usipasue samaki wa mtu ambaye hujamlipa, utagombana bure. Anza kwenye tundu la haja, panda taratibu hadi chini ya matamvua, ncha ya kisu ikitazama juu ili usitoboe utumbo. Toa matumbo yote kwa pamoja. Sasa tazama dari la tumbo, yaani chini ya uti wa mgongo. Utakuta bondo, ule mfuko wa hewa. Watu wa Mwanza wanalijua kwa sababu bondo la sangara lina bei kuliko mnofu wake.

Bomu likilipuka majini, msukumo wake hupita ndani ya mwili wa samaki, na ukikuta hewa ndipo unapofanya kazi. Bondo linapasuka kama puto. Uti umelala juu yake palepale, nao unavunjika, na mishipa midogo ya damu kando yake inakatika. Wengi huzama hadi chini na hawaokotwi kabisa, kwa hiyo huyo uliyemshika ana wenzake walioozea mwambani. Na mwamba wenyewe umekuwa kokoto. Matumbawe yale ya mviringo hukua kiasi cha sentimita moja kwa mwaka, hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo unatafuta vitu vitatu: bondo lililochanika, uti uliovunjika, na damu iliyoingia kwenye nyama kandokando ya uti.

Sasa sikiliza, kwa sababu kila kimoja kinaweza kukudanganya.

*Bondo.* Mwaka wangu wa tatu nilipasua chewa, nikakuta bondo limechanika na utumbo umetokeza mdomoni. Nikapaza sauti. Nilimwambia yule kaka aliyeniuzia kuwa ni mhalifu, mbele ya wateja wake, watu wakajaa. Akapiga simu kwa mzee mmoja mvuvi wa pwani, akanipa niongee naye. Mzee akaniuliza swali moja: "Mwanangu, hivi unajua huyo alikuwa kina gani?" Sikujua. Chewa wa mshipi wa maji marefu akivutwa upesi, hewa ya ndani inatanuka kadiri anavyopanda, bondo linapasuka lenyewe. Nimetumia asubuhi nzima kuomba radhi, na chewa nikamnunua kwa bei aliyotaka yeye. Bondo peke yake si ushahidi. Na wapo wasio na bondo kabisa, kama papa na taa, usiwatafutie.

*Damu.* Chini ya uti kuna mstari wa rangi nyekundu iliyoiva, karibu nyeusi. Hiyo ni figo. Kila samaki anayo. Imelala ndani ya utando wake, imenyooka, ukiikwangua kwa ukucha inatoka yote na nyama ya chini yake ni safi. Damu ya bomu haijanyooka: imetapakaa ndani ya mnofu, mabakamabaka, ukiimwagia maji haitoki. Kitu kingine, samaki aliyegandamizwa na boksi la juu yake anaweza kupondeka vibaya, lakini alikuwa ameshakufa, na maiti haitoki damu ikaingia nyamani. Atakuwa amelegea tu, hana baka. Hili ndilo lililomtesa mwanangu siku tatu. Nilimpasulia vibua wanane safi, mmoja baada ya mwingine, akaikwangua figo ya kila mmoja, hadi akaacha kushtuka.

*Uti.* Mshike kichwa na mkia, umkunje kidogo. Mzima hurudi kama fimbo mbichi. Aliyevunjika anakunjika kwa pembe, na ukipitisha kidole kwa ndani unaisikia ile ncha. Lakini usimkunje samaki aliyeganda! Utamvunja wewe mwenyewe kisha umlaumu mvuvi. Mwache ayeyuke kwanza. Pia wengine huvunjwa na wapakiaji kwa kutupwa, na hapo ndipo unarudi kwenye damu: mvunjiko usio na damu umetokea baada ya kufa.

Mbavu kuachana na nyama peke yake si ushahidi wa bomu. Mara nyingi ni tumbo limeanza kujimeng'enya kwa kukosa barafu. Huyo mkatae kwa sababu nyingine.

Kanuni yangu baada ya aibu ile: dalili tatu, samaki watatu. Nikikuta zote tatu kwa mmoja, nanunua wengine wawili kutoka pembe tofauti za boksi. Wakiwa hivyohivyo, sina tena shaka. Hasara ya samaki watatu naihesabu kama nauli.

Na ukishajua, usipige kelele. Rudisha kisu, sema "mzigo huu siuwezi", ondoka, kisha mwambie afisa uvuvi wa halmashauri, ukitaja boksi na siku. Sheria ya Uvuvi ya 2003 haimgusi mlipuaji peke yake. Mwenye kukutwa na samaki hao au kuwauza naye amo. Na wewe ukishanunua, umo.

Hatua ya 6: Barafu

Kilo moja ya samaki kwa kilo moja ya barafu, kwa jua letu hili. Barafu iliyopondwa, si mabonge. Deli lenye tundu la kutolea maji chini.

Hatua ya 7: Mifuko na uchafu

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, lakini vifungashio vyembamba bado vinazagaa masokoni. Nenda na ndoo yako. Watu hucheka nikiwaambia korongo linalopita nyuma ya nyumba ni njia ya baharini. Haya, lifuate: maji ya mvua ya upande huu wa mji yanaelekea Hombolo, mto Kinyasungwe unaungana na Mkondoa, wanakuwa Wami, na Wami unaingia Bahari ya Hindi pale Saadani. Mengi hunasa bwawani Hombolo, na huko nako watu wanavua.

Maji ya kuoshea samaki mwagia migomba au mpapai. Matumbo na matamvua yafukie, ila chimba shimo la urefu wa mkono mzima hadi begani. Mbwa wa Nkuhungu wanafukua chochote kilicho juu ya hapo, na asubuhi jirani atakuita kwa jina lako lote.