Namna ya kumpendekeza rafiki yako kwa kazi ya ukocha kwenye kambi ya watoto Marekani

Kambi za watoto za Marekani huwa na shughuli Juni hadi Agosti, likizo yao ndefu. Kwetu Lamu hapo kusi linavuma na kazi za mashua za wageni zimepungua, ndiyo maana vijana wetu wa michezo wanazitaka sana nafasi hizo. Maombi lakini hufanywa mapema, wakati wa kaskazi, na hapo ndipo mtu hukujia barazani: "Mwalimu, wanataka mtu wa kunisemea."

Kabla hujakubali, jiulize unamsemea kama nani. Wengi huenda kwa viza ya J-1, ile ya Marekani ya mabadilishano, kundi la walezi wa watoto kambini (camp counselor). Masharti yake: mwombaji awe ametimiza miaka 18, kazi isizidi miezi minne, na shirika linalomdhamini limhoji ana kwa ana na lipate maneno ya mwajiri au mwalimu wake. Urafiki mtupu hautoshi. Mimi nafundisha michezo shule ya msingi na jioni tuko pamoja uwanja wa Twaif, basi huandika kama mtu niliyemsimamia akifundisha watoto. Sentensi ya pili hueleza wazi kwamba pia ni rafiki yangu. Ukificha, watakuja kujua, na barua nzima itaonekana ya uongo.

Sasa barua yenyewe. Vijana hutaka niandike mabao waliyofunga na vikombe walivyoshinda. Andika mstari mmoja, inatosha. Anayesoma amekabidhiwa watoto wa watu, wengine wanalala hapo wiki kadhaa mbali na mama zao, na wengi wa watoto hao hawajui hata kupiga pasi ya mpira. Hofu yake kubwa ni mtoto kuumia au kupotea. Kwa hiyo shika mwendo wa shahidi mbele ya kadhi: sema ulichokiona kwa macho yako, hukumu mwachie yeye. Maneno kama "mchapakazi" na "mwenye moyo wa kujitolea" yamo katika kila barua, na msomaji huyaruka.

Rafiki yangu mmoja hufundisha watoto kuogelea. Nilimwandikia hivi:

"Ijumaa jioni huwafundisha watoto wa miaka saba hadi kumi. Huwahesabu wakiingia majini, huwahesabu tena wakitoka. Siku moja ya maji ya bamvu, mkondo ukienda kasi, aliwakatalia kushuka ingawa wazazi walikuwa wamekuja kutazama. Aliwalaza mchangani akawafundisha kupiga miguu."

Hakuna sifa hata moja hapo, na msomaji ameshaona mtu mwenye hadhari. Kama huna tukio la namna hiyo, nenda ukamtazame akifundisha, japo jioni mbili tatu, kisha ndipo uandike.

Usimvishe cheo asicho nacho. Kijana aliyekulia baharini si mwokoaji mpaka awe na cheti, na maji ya ziwa yasiyo na chumvi hayambebi mtu kama ya bahari yetu. Andika "muogeleaji hodari", uishie hapo.

Wakikuuliza udhaifu wake, taja wa kweli na useme anaufanyia nini. Wangu alikuwa na sauti ndogo uwanjani. Nikaeleza kwamba siku hizi hutumia filimbi na huwakusanya watoto karibu kabla ya kuwaelekeza. Akiwa ni wa kuchelewa, hilo mwambie yeye kwanza ajirekebishe, maana kambi huendeshwa kwa kengele tangu asubuhi.

Na kama moyoni huwezi kumwachia mwanao, usiandike. Kukataa ni kuzito katika mji ambao mtakutana tena vichochoroni kabla ya isha. Mimi husema: "Ndugu yangu, tafuta aliyekuona ukifundisha kuliko mimi, barua yangu itakuwa dhaifu." Haikatai urafiki, na pia ni kweli.

Mengine ni mafupi. Andika Kiingereza chepesi, ukurasa mmoja, na namba ya simu unayoipokea. Cheti cha mwenendo mwema cha polisi ni kazi yake mwenyewe, huomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Viza nayo huamuliwa ubalozini Nairobi, barua yako haimhakikishii. Akikuonyesha wakala anayedai pesa ili "kumpa nafasi", mwambie aangalie kwanza kama shirika limo katika orodha ya wadhamini ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani.

Ukishatuma, msomee rafiki yako ulichoandika, naye atahojiwa juu ya mambo hayo hayo, na weka nakala karibu. Wanaweza kupiga simu. Msimu wa maombi, saa nne asubuhi ya New York ni saa kumi na mbili jioni yetu, maghrib ikikaribia, basi waambie mapema saa unayopatikana.