Namna ya Kukadiria Akiba ya Kustaafu kwa Mtumishi wa Umma Tanzania

Watumishi wanaokaribia kustaafu huulizana zaidi kiinua mgongo kitakuwa shilingi ngapi, ilhali swali linalopaswa kutangulia ni la matumizi ya kila mwezi baada ya mshahara kukoma. Andika matumizi halisi ya miezi mitatu, kisha uondoe yatakayokwisha, kama nauli ya kazini, na uongeze yatakayozidi, hasa matibabu. Michango ya harusi na misiba usiifute, maana mzee ndiye anayetazamwa kwanza na ukoo. Tuchukue kwamba umepata shilingi 600,000 kwa bei za leo.

Hatua ya pili ni kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao. Kwa mwanachama wa PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, gawanya miezi uliyochangia kwa 580, kisha zidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu iliyo bora, yaani yenye mshahara wa juu zaidi. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Kwa kiwango ambacho serikali ilitangaza mwaka 2024, asilimia 40 yake huzidishwa kwa 12.5 na kulipwa kwa mkupuo, ndicho kiinua mgongo, na asilimia 60 hugawanywa kwa miezi 12 iwe pensheni ya kila mwezi. Aliyechangia miezi 360 kwa wastani wa mshahara wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi atapata mkupuo wa takribani shilingi 37,240,000 na pensheni ya shilingi 372,400 kila mwezi.

Pengo kati ya matumizi na pensheni, basi, ni takribani shilingi 228,000 kwa mwezi. Ukistaafu kwa lazima ukiwa na miaka 60, ni busara kupanga hadi miaka 85, na kwa miaka hiyo 25 pengo linafikia shilingi 68,400,000. Ikiwa shilingi 12,000,000 za mkupuo zitamalizia nyumba, zitabaki kama 25,200,000, na akiba unayopaswa kujiwekea mwenyewe ni takribani shilingi 43,200,000. Mwenye miaka 40 leo ana miezi 240, kwa hiyo atenge shilingi 180,000 kila mwezi. Anayeanza na miaka 50 atahitaji maradufu, na kwa mshahara wa aina hiyo ni mzigo mzito mno.

Hesabu hii inasimama endapo faida ya akiba italingana na mfumuko wa bei, na mshahara wako, na baadaye pensheni, pia vikaendana na mfumuko huo. Bei zikipanda kwa asilimia 4 kwa mwaka, hujirudia maradufu katika miaka 18 hivi, kwa hiyo fedha iliyofungiwa nyumbani itapoteza nusu ya thamani yake kabla hujaigusa. Hatifungani za serikali za miaka 20 au 25, ambazo ni kuikopesha serikali kwa riba, na vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS vinafaa zaidi, na mchango ukiuongeza kila mshahara unapopanda, makadirio hayatayumba. Yarudie kila mwaka.

Kabla ya yote hayo, omba taarifa ya michango yako na uikague mwezi kwa mwezi. Katika mfano wetu, mwaka mmoja usiowasilishwa na mwajiri unapunguza mkupuo kwa zaidi ya shilingi 1,240,000, na pensheni kwa shilingi 12,400 kila mwezi, maisha yote. Dai hilo hufuatiliwa kwa urahisi ukiwa bado kazini na hati za mishahara unazo.