Waridi la Naivasha linahesabiwa wapi?

Miaka sita nilifunga waridi kwenye shamba la mwekezaji wa kigeni kando ya Ziwa Naivasha, nikidhani jasho letu linahesabiwa katika uchumi wa Ulaya. Sivyo. Sasa nafundisha biashara mjini Nakuru, na wanafunzi wangu nawaanzishia hapo hapo.

Chukua shamba lililouza maua ya shilingi milioni 100. Toa vitu lilivyonunua kwa wengine: mbolea, dawa, umeme, katoni. Tuseme milioni 60. Zinabaki 40, na zote ni pato la ndani la Kenya (GDP), kwa sababu uzalishaji umefanyika hapa. Mishahara usiitoe! Wengi hukosea hapo. Mshahara wa mfungaji maua umo ndani ya hizo 40.

Ukitaka pato la wananchi (GNI), yaani mapato ya wakazi wa Kenya popote yanapotoka, ondoa faida ya mwenye shamba aliye ng'ambo, tuseme milioni 10, hata kama ameiacha hapa apanue shamba. Kisha ongeza faida na riba wanazopata Wakenya nje. Pesa anazotuma shangazi anayeishi Marekani hazimo. Hizo huandikwa kwingine.

Tofauti kati ya mapato haya mawili si ndogo. Mwaka 2015 pato la ndani la Ayalandi lilipanda kwa takriban robo, hasa kwa kuwa kampuni za kigeni zilihamishia mali zao huko.