Kuwahesabu salmonela walioingia ndani ya seli

Ukitazama kwa darubini utaona bakteria aina ya salmonela wamezizonga seli, lakini si rahisi kujua nani amebaki nje na nani ameshaingia. Kazi hiyo tunaipa jentamaisini, dawa ya kuua bakteria. Dawa hii hupenya seli ya binadamu kwa shida, kwa hiyo walio nje hufa na walio ndani husalimika.

Tunatumia Salmonella Typhimurium na seli za HeLa, seli za saratani ya binadamu zinazokuzwa maabara. Seli hizi zilitoka kwa Henrietta Lacks, Baltimore, mwaka 1951, naye hakuombwa ruhusa. Wanafunzi wangu hulisikia jina lake kabla hatujafungua chupa.

1. Siku moja kabla, panda seli kwenye sahani ya vishimo 24. Midia (maji ya virutubisho yanayolisha seli) ya siku ya jaribio isiwe na penisilini wala streptomaisini. Wengi huharibikiwa hapa: dawa iliyobaki huwaua bakteria hata kabla hawajagusa seli.

2. Weka bakteria kama 10 kwa kila seli. Acha dakika 30 hadi 60, nyuzi 37, kaboni dioksidi asilimia 5.

3. Osha mara tatu kwa PBS, maji ya chumvi yasiyodhuru seli. Elekeza ncha ya pipeti ukutani mwa kishimo, maji yateremke taratibu. Ukimwagia katikati, seli zitang'oka na kuelea kama ukoko wa uji, na hesabu yako imekwisha. Kisha jentamaisini, mikrogramu 100 kwa mililita, saa moja.

4. Osha tena, pasua seli kwa Triton X-100 (aina ya sabuni) ya asilimia 0.1, zimua, panda kwenye agari, ute mgumu wa kuoteshea bakteria. Kesho yake hesabu koloni, yaani vidoa vya bakteria vilivyoota.

Sambamba, kwa kulinganisha, tumia salmonela asiye na jeni ya invA, ile waliyoieleza watafiti Galán na Curtiss mwaka 1989. Huyo hujishika kwenye seli lakini kuingia humshinda.

Maswali

*Mwalimu, nikiacha dawa usiku kucha si ndiyo salama zaidi?*
Hapana. Seli hunywa midia kidogo kidogo, na dawa huingia nayo. Ukitaka kuendelea baada ya saa ya kwanza, shusha dawa hadi mikrogramu 10 kwa mililita.

*Mbona hata asiye na invA amenipa koloni tele?*
Panda maji ya mwosho wa mwisho. Yakiotesha koloni, dawa haikuwaua walio nje. Pima kama bakteria wako ni sugu kwa jentamaisini.

*Niandike idadi ya koloni tu?*
Igawe kwa idadi ya bakteria uliowaweka mwanzo, uliyoipata kwa kuwapanda kwenye agari siku ileile. Usiikadirie kwa kutazama ukungu wa mchuzi walimokuzwa bakteria.