Jinsi ya Kulinganisha Miaka ya Mvinyo Mwekundu wa Shamba Moja la Dodoma

Anayetaka kuijua tabia ya shamba la mizabibu hana njia bora kuliko kukusanya chupa za miaka mbalimbali kutoka shamba hilo hilo na kuzionja katika kikao kimoja. Udongo ni ule ule na mizabibu ni ile ile. Kinachobadilika ni mvua, jua na siku aliyoamua mkulima kuvuna. Hapa Dodoma, hata hivyo, mwaka ulioandikwa kwenye lebo hautoshi, na wengi wanaolinganisha bila kulijua hilo hufikia hukumu isiyo sahihi.

Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Kwetu, nyuzi sita hivi kusini mwa ikweta, hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima ndiye anayeuamsha kwa mkasi wa kupogolea, na baada ya miezi minne hivi anavuna. Desturi ya wakulima wengi ni kuvuna mwezi wa Februari na Machi, kisha tena Agosti na Septemba. Zabibu za mavuno ya kwanza huiva mvua ikinyesha: punje hujaa maji, sukari hupungua ukali wake, na ukungu unaposhambulia majani na vichala mkulima hulazimika kuchuma mapema kuliko alivyotaka. Zile za kiangazi huiva katika hewa kavu na usiku wa ubaridi, punje zikiwa ndogo na ganda likiwa na rangi nzito. Ndiyo maana chupa mbili za mwaka mmoja zinaweza kutofautiana zaidi kuliko chupa mbili za Septemba zilizopishana mwaka mzima. Kabla ya kununua, muulize mwenye shamba au kiwanda zabibu zilivunwa mwezi gani, na uandike jibu pembeni ya mwaka.

Hakikisha pia kwamba unalinganisha mvinyo wa aina moja. Zabibu nyekundu ya Makutupora, yenye jina la eneo lililo kaskazini mwa jiji kilipo kituo cha utafiti wa zabibu, haina tabia sawa na aina nyingine za zabibu nyekundu kama Syrah au Cabernet Sauvignon, hata zikipandwa mstari kwa mstari katika shamba moja. Mvinyo mtamu usiuweke na mkavu, yaani usio na utamu, kwa sababu sukari iliyobaki hufunika makosa ya mwaka mbaya na hufanya mwaka mzuri uonekane mkali.

Chupa tatu au nne zinatosha. Chupa ya mililita 750 hutoa vipimo kumi na tano vya mililita 50, hivyo watu sita au saba wataonja mara mbili bila haraka. Zisimamishe wima tangu jana yake ili mashapo yatuame, hasa chupa kongwe. Joto la sebule zetu ni kubwa mno kwa mvinyo mwekundu: kwenye nyuzi 28 utasikia kilevi tu puani. Ziweke kwenye friji hadi zifikie nyuzi 16 hadi 18. Mtu mmoja asiyeonja azifunge kwa magazeti, aziandike namba, na amimine katika glasi za umbo moja. Kuwe na mkate mkavu, maji, na kikombe cha kutemea. Nyama choma na kachumbari vingoje hadi daftari zifungwe.

Anza na macho. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe na utazame ukingo, pale mvinyo unapokuwa mwembamba: zambarau iliyokolea ni dalili ya ujana, na rangi ya tofali ni dalili ya umri. Kisha nusa kabla ya kutikisa, na tena baada ya kutikisa, ukitumia majina ya vitu unavyovijua. Kama harufu ni ya tunda la zambarau lililoiva, ukwaju, karafuu au udongo uliopata mvua ya kwanza, andika hivyo hivyo. Usitafute matunda ya nchi za baridi ambayo hujawahi kuyashika. Mdomoni, tenganisha uchachu, ambao hujaza mate pembeni mwa ulimi, na ukakasi, ambao hukausha fizi kama ndizi mbichi. Mvinyo wa kiangazi mara nyingi una ukakasi uliokamilika na mwisho mrefu. Hesabu kimoyomoyo ladha inakaa sekunde ngapi baada ya kumeza au kutema. Kila mtu aandike kabla ya mtu yeyote kusema, kwa maana neno la kwanza la mwenye sauti kubwa hugeuka kuwa ladha ya meza nzima.

Jihadhari usiulaumu mwaka kwa kosa la duka. Niliwahi kuweka mezani chupa niliyoinunua katika duka moja mjini, ambako ilikuwa imesimama rafu ya dirishani jua likiipiga. Kizibo kilikuwa kimejitokeza kidogo juu ya mdomo wa chupa, ukingo wa mvinyo ulikuwa wa kahawia, na harufu ilikuwa ya jamu iliyoungua. Tuliuandika mwaka ule kuwa mbovu, hadi nilipopata chupa nyingine ya mwaka huo huo moja kwa moja kutoka shambani, ikiwa hai na yenye rangi safi. Tangu hapo, mwaka unaonikatisha tamaa siuhukumu kabla ya kufungua chupa ya pili iliyotoka sehemu nyingine.

Mkishafungua magazeti na kulinganisha maandishi na miezi ya mavuno, msimwage kilichobaki. Rudisha vizibo, weka chupa kwenye friji, na onja tena kesho yake jioni kwa mpangilio ule ule. Mwaka dhaifu huenda utakuwa umeanza kufifia, ilhali ule uliowafunga midomo kwa ukakasi jana huenda ndio utakaofunguka, na alama zake zitahitaji kuandikwa upya.